Konyo Lina Zaidi ya Mafuta

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, usiku familia huzunguka rundo la vishada vilivyochumwa mchana, zikachambua. Karafuu huangukia upande huu, makonyo, yaani vijiti vilivyozishika, upande ule. Karafuu hutunzwa kama mboni ya jicho: wingu likitanda tu, majamvi hukunjwa mbio. Makonyo hayapati heshima hiyo. Yakiachwa rundo na unyevu wake huota ukungu, na hasara huanzia hapo, kabla hayajafika kiwandani.

Kilo 100 za makonyo makavu hutoa takriban kilo 5 au 6 za mafuta. Karafuu zenyewe hutoa mara tatu ya hapo. Lakini sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo, kwa kawaida zaidi ya asilimia 85, ni yujenoli: dawa ambayo daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Mwishoni mwa karne ya 19 wakemia walikwisha kujua kuigeuza kuwa vanilini, yenye harufu ya vanila. Majani ya mkarafuu nayo yana mafuta, ila mti ukinyonyolewa majani hudhoofika. Konyo limekwisha kuchumwa. Haliudai mti kitu.

Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, mafuta hutolewa kwa mvuke. Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254, joto ambalo lingeunguza kila kitu. Inatokaje basi? Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Misukumo ya mivuke hiyo miwili ikijumlishwa ikalingana na ule wa hewa, vyote huchemka pamoja, chini kidogo ya nyuzi 100. Maji humbeba mwenzake mzito hadi kwenye bomba la kupoza, na huko hutengana tena. Mafuta mengi ya mimea huelea; haya huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Yale maji ya juu, meupe kama tui jepesi, ndiyo yanayoniuma yakimwagwa. Lita moja huweza kuyeyusha takriban gramu 2 za yujenoli, mbali na matone madogo yanayoelea ndani yake. Lita 1,000 zikienda mtaroni, kilo 2 za mafuta zimekwenda nazo.

Na ndani ya tangi yalimochemshiwa makonyo je? Mvuke huchukua vinavyoruka tu. Tanini, asidi ya galiki na polifenoli nyingine hazipandi na mvuke. Hubaki ndani ya makapi. Ukiyachoma makapi kama kuni unapata moto, na moto ni kitu, lakini umeunguza tanini inayofaa kusindika ngozi na polifenoli zinazochelewesha mafuta ya kula kuchacha. Kuyaloweka kwanza kwa maji moto au spiriti hutoa sehemu kubwa ya vitu hivyo, na makapi yakikauka bado yatawaka.

Hilo linataka matangi mapya na soko la uhakika. Mimi ningeanza na maji meupe: bomba moja la kuyarudisha tangini, yachemke tena na makonyo ya mkupuo unaofuata.