Jembe la babu kwenye mzani wa chuma chakavu

Leo mbolea na viwavijeshi naviweka pembeni kidogo, maana kuna kitu nimekiona Mlowo kikanikera.

Nilikuwa natoka kukagua miche ya kahawa, nikasimama kununua maji. Pembeni kulikuwa na lundo la chuma chakavu, rimu za baiskeli na sufuria zilizotoboka, na katikati yake bapa la jembe, pana kama jani, lenye ncha ndefu nyuma badala ya tundu. Nikalinunua kwa bei ya kilo. Mwenye mzani akacheka: "Bwana shamba, hilo hata mpini halishiki!"

Linashika, ila si kwa namna tuliyoizoea. Jembe la kiwandani lina tundu la kupitisha mpini. La wahunzi wetu lina msuka, ncha inayochomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini wa mti mgumu, na kadiri unavyolima ndivyo linavyozidi kukaza. Ukikuta msuka, huenda umeshika kazi ya Wanyiha wa Mbozi au majirani zetu Wafipa. Hawa walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa kwenye tanuri dogo, hilo sasa likiwa na mivukuto, ndipo kikafuliwa. Na jembe halikuwa la kulimia tu, lililipa mahari. Majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalipoenea, matanuri yakapoa.

Nyumbani ninayo kumi na moja sasa. Mengine ni ya kiwandani: yenye muhuri wa mamba, ya Chillington wa Wolverhampton kule Uingereza, ya UFI ya Ubungo, na ya ZZK ya hapo Mbeya. Moja limelika kona moja tu. Mwenyewe simjui, lakini mkono wake ulivyokuwa unaelekea nauona.

La kwanza kabisa nililiharibu mimi. Nilipewa na bibi mmoja wa Itaka, nikalipiga msasa, nikapaka rangi nyekundu ya geti. Alama zote za nyundo zikapotea. Bibi alipoliona akasema tu, "Mwanangu, umelivisha nguo ya nani?" Tangu siku hiyo natoa udongo kwa brashi kavu, napaka mafuta kidogo, naliweka mahali pakavu. Halafu nalifungia kikaratasi: kijiji, ukoo, lilikuwa la nani. Bila hicho kikaratasi ni chuma tu. Na kwenye mabaki ya matanuri usichimbe kabisa.

Najua mnachowaza: linauzwa shilingi ngapi? Wenzetu Marekani wanakusanya hata vyambo bandia vya kuvulia samaki. Kimoja cha shaba, kazi ya Riley Haskell wa Ohio wa miaka ya 1850, kiliuzwa mnadani mwaka 2003 kwa zaidi ya dola 100,000. Kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hata vya baadaye vilivyotumika katika shughuli za kijamii na kitamaduni. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa.

Nayasema haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja wa mahindi kutoka Ndalambo alinipigia. Amekuta manne darini kwa babu yake, yote yana msuka, na kuna mtu anamsubiri Nakonde na hela mkononi. Nikamwambia asivuke nayo. Akaniuliza, "Kwa hiyo bwana shamba, mvua zinanikuta sina mbegu?"

Hapo sikuwa na jibu zuri, na hela ya kumpa sikuwa nayo. Nilimwambia ayapige picha, amuulize babu kwanza, halafu twende wote kwa afisa utamaduni wa halmashauri tujue nini kinaruhusiwa. Tunaenda Alhamisi. Jana kanitumia ujumbe: babu anasema mawili yaliletwa kama mahari ya shangazi yake, hayo hayaongelewi. Tutaenda na picha za mawili yaliyobaki.