Kabla ya Kuchoronga Taya

Kama unaishi Geita au Kahama, neno "kuchoronga" si geni kwako. Kabla mgodi mkubwa haujaanza kuchimba, mitambo hutoboa mwamba sehemu nyingi na kutoa sampuli. Sampuli zikishapimwa, kompyuta huonyesha jinsi mkanda wa dhahabu ulivyolala chini: urefu, upana na kina chake. Asiyepima huchimba duara kwa kubahatisha.

Je, unajua kwamba daktari wa meno naye huchoronga? Yeye huchoronga mfupa wa taya, na yeye pia hutakiwa kupima kwanza.

Anachoronga ili iweje?

Wengi hung'olewa meno yaliyooza. Wengine huyapoteza kwa ajali ya bodaboda au kwa kugongana uwanjani. Pengo linaweza kuzibwa kwa jino la bandia la kuvaa na kuvua. Njia nyingine ni kipandikizi cha jino. (Usichanganye na kile kijiti cha uzazi wa mpango!) Hiki ni kama skrubu ndogo ya titani, mara nyingi yenye urefu wa milimita 10 hivi na unene wa milimita 4. Huingizwa ndani ya mfupa iwe mzizi, kisha juu yake huwekwa jino.

Kwa nini titani, wakati kwetu dhahabu ipo? Kwa sababu mfupa huishika titani barabara. Jambo hilo liligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden mwaka 1952, na mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza.

Kwani X-ray ya kawaida haitoshi?

Mara nyingine hutosha, na daktari ndiye ataamua. Lakini picha hiyo ni bapa, kama kivuli. Kivuli cha mtu aliyeutazama ukuta kinakuonyesha urefu wake, ila hakikuambii tumbo lake limetokeza kiasi gani. Vivyo hivyo, picha bapa huonyesha kimo cha mfupa bila kuonyesha unene wake.

Na ndani ya taya ya chini hupita neva inayoleta hisia kwenye mdomo na kidevu. Ikijeruhiwa, mdomo unaweza kufa ganzi, pengine maisha yote. Kwenye taya ya juu, juu ya magego, kuna uwazi wenye hewa. Skrubu ikipitiliza, inaweza kutumbukia humo.

Kwa picha ya pande tatu, unatulia huku mashine ikizunguka kichwa chako kwa muda usiofika dakika moja, ikipiga picha nyingi. Kompyuta huziunganisha. Kwenye skrini daktari anaweza kulitazama taya slesi kwa slesi, kama mkate, na kupima kila milimita. Huona neva ilipo na kuacha nafasi ya milimita 2 hivi. Mfupa ukiwa mwembamba, anajua mapema, kabla hajakupasua ufizi.

Mionzi yake ni mingi kuliko ya picha ndogo ya jino moja, kwa hiyo haipigwi ovyo. Mwenye mimba amwambie daktari kwanza.

Nina miaka 16. Naweza kuwekewa?

Subiri kidogo. Taya lako bado linakua, lakini kipandikizi hakikui. Baada ya miaka michache jino hilo litaonekana fupi kuliko wenzake. Kwa kawaida madaktari husubiri ukuaji uishe, mara nyingi baada ya miaka 18 au zaidi. Kwa sasa jino la bandia la kuvua linaweza kukusaidia.

Pia gharama ni kubwa, na si kila hospitali ina mashine hii. Anzia kliniki ya meno ya wilaya au mkoa. Ikibidi, watakupa rufaa, kwa mfano Bugando, Mwanza. Mtu akikuahidi kipandikizi chapuchapu, muulize: "Mfupa wangu umeupima kwa picha gani?" Akikosa jibu, ondoka.

Kumbuka

Jino la ukubwani likichomoka kwa ajali, usilitupe! Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake, au liweke ndani ya maziwa. Wahi hospitali ndani ya saa moja. Likishika tena, hutahitaji skrubu wala kuchorongwa.