Mwiba si ndugu wa mwizi!

Juzi kijiweni Buguruni mshikaji kakwamwa na mwiba wa kibua. Kakohoa weee, ulipotoka akalalama: "Umeniibia utamu wote!" Jamaa akadakia: ndiyo maana unaitwa mwiba, neno limetokana na kuiba. Ubishi ukawaka, tukawekeana soda.

Msomaji, usiingizwe mjini. Mwizi, wezi: yuko kundi la watu. Mwiba, miiba: uko na miti, ulikoota. Bado unabisha? Vuka Rwanda. Kule kuiba ni "kwiba", kama sisi tu, lakini mwiba wanauita "ihwa". Waganda nao "eriggwa". Yote ni Kibantu cha kale, sauti zimegeuka njiani, na kwetu maneno mawili yasiyo na undugu yakaja kufanana.

Tena Waswahili wamelitanua neno. Mlimau una miiba, samaki anayo, nyuki anao wake wa kuumia, na taa anao mkiani (huo usiombe!). Mgeni kutoka bara akisema "mfupa wa samaki" watoto wa mjini wanacheka. Hivi nani kawafundisha wao?

Soda yangu sijaiona hadi leo. Huo sasa ndiyo wizi.