Kipimo na Kadirio: Namna Osiloskopu ya Dijitali Inavyochora Umbo la Wimbi

Osiloskopu ya dijitali haipimi volteji mfululizo. Hupima kwa vipindi, na kila kipimo huitwa sampuli. Chombo kinachochukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde huacha nanosekunde 1 kati ya sampuli moja na inayofuata. Hata hivyo, kwenye skrini huonekana mstari usiokatika. Makala haya yanaeleza jinsi mstari huo unavyopatikana, na kwa nini istilahi ya Kiswahili haina budi kutenganisha kilichopimwa na kilichokadiriwa.

Njia ya kwanza ni kuunganisha nukta za sampuli kwa mistari iliyonyooka. Kwa kasi iliyotajwa, wimbi sini la megahezi 100 hupata sampuli 10 katika kila mzunguko, na umbo lake hutambulika. Wimbi la megahezi 400 hupata wastani wa sampuli 2.5 tu, hivyo mistari hiyo huchora pembe zisizolingana.

Njia ya pili hutumia fomula ya sini ya x kugawanya kwa x. Kila sampuli hupewa wimbi dogo lenye kilele kwenye nukta yake na thamani ya sifuri kwenye nukta za sampuli nyingine zote. Mawimbi hayo yakijumlishwa, wimbi la megahezi 400 hurejea umbo lake. Msingi wa njia hii ni kanuni aliyoieleza Claude Shannon mwaka 1949: kasi ya kuchukua sampuli sharti izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo katika wimbi.

Sharti hilo likivunjwa, mstari hupotosha. Wimbi la megahezi 900 litaonekana kama la megahezi 100. Aidha, wimbi mraba lenye kingo kali huweza kuchorewa vijiwimbi visivyokuwamo katika saketi, na fundi akabadilisha kifaa kisicho na kasoro.

Kwa hiyo, kuuita mchakato huu "ujazaji wa nafasi" kunadokeza kuwa kilichokosekana kimepatikana. "Ukadiriaji wa kati" ni istilahi inayofaa zaidi, kwa kuwa inabainisha kwamba thamani hizo ni zao la hesabu yenye masharti. Mitaala ya ufundi inayofundishwa kwa Kiswahili iambatanishe istilahi hiyo na zoezi moja: mwanafunzi aondoe mstari kwenye skrini, abakize nukta, kisha aamue kipi kimepimwa.