Je, Wajua? Kipindupindu huua kwa kukausha mwili
Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye afya ndani ya saa chache. Mgonjwa mahututi hupoteza hata lita moja ya maji kwa saa.

• Juba, Sudan Kusini, ilikumbwa na mlipuko wa kipindupindu miaka mitatu mfululizo: 2014, 2015 na 2016. Wakazi wengi hununua maji ya maboza, yanayochotwa Mto Nile.

• Wengi walioambukizwa hawaugui, lakini kinyesi chao hueneza vimelea kwa siku kadhaa.

• Mgonjwa huharisha choo cheupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Finya ngozi ya tumbo: ikikawia kurudi, mwili umekauka.

• Huduma ya kwanza? Maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Mnyweshe kidogo kidogo, mkiwahi kituo cha afya.