Karatasi ya Mmoja, Chungu cha Wote

Mwanamume amekaa peke yake kwenye benchi la kliniki ya kisukari na presha, mjini Tarime. Muuguzi anamweleza: apunguze ugali, aache soda, chumvi iwe kidogo, atembee kila siku. Anaitikia kila neno, anaikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati. Jioni anafika nyumbani, ugali uko mezani, mlima ule ule wa siku zote, na mkewe amemchagulia mnofu wenye mafuta kwa kuwa ametoka safari. Karatasi inakaa mfukoni mpaka siku shati linapofuliwa.

Katika kazi hii ya lishe nimeona karatasi nyingi zikiishia kwenye beseni la kufulia. Silaumu wagonjwa. Ushauri tunampa mtu mmoja, ilhali chungu kinapikiwa watu wanane, na mwenye mwiko hakuwepo tulipokuwa tunazungumza. Kwa hiyo leo simwandikii mgonjwa. Namwandikia mwenzi wake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban asilimia 26 wana presha ya juu, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Miili ya wazee wetu huku Mara ilizoea vilima. Mtu wa Nyamwaga au Muriba alishuka mtoni, akapanda shambani, akafuata ng'ombe, akala ugali wake mkubwa wa muhogo na mtama, na jasho likamaliza hesabu. Leo bodaboda iko mlangoni. Mwenye duka Sirari anakaa kitini tangu asubuhi hadi giza liingie. Tena tuna kundi ambalo wilaya zetu zinalo kwa wingi, askari wastaafu. Vijana wa huku wameingia jeshini tangu enzi za mkoloni. Mtu amekimbizwa kila alfajiri kwa miaka na miaka, kisha anarudi kijijini ambako hakuna wa kumpigia filimbi. Mbio zimekwisha, sahani imebaki ile ile ya askari.

Ndani ya mwili mambo yako hivi. Wanga wa ugali, wali, viazi na ndizi hugeuka kuwa sukari kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli. Misuli inayofanya kazi huipokea kwa wingi, iliyokaa huipokea kidogo. Mafuta yanayojazana tumboni na kwenye ini huifanya insulini ipoteze nguvu, kongosho nalo linalazimika kutoa zaidi na zaidi mpaka linachoka. Ukiwahi, safari hii ya kuelekea kisukari inazuilika. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi lililosaidiwa kupunguza uzito kwa takriban asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo sita na ushee.

Utafiti mwingine ndio ulionifanya nianze kuwaita wake na waume kliniki. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya wanandoa 3,722 wenye miaka 50 na zaidi. Kati ya wanaume waliokuwa hawafanyi mazoezi, asilimia 67 walianza pale mke naye alipoanza. Mke alipobaki vilevile, walioanza walikuwa asilimia 26 tu. Kwa wanawake hali ilikuwa karibu sawa. Na kuna jambo hapo ninaloliona zito kuliko yote: mwenzi aliyebadilika pamoja na mwenzake alisaidia kuliko yule ambaye siku zote alikuwa na mwenendo mzuri. Mtu huvutwa na anayeanza naye. Anayemsimamia kutoka pembeni hamvuti sana.

Ndiyo maana sipendi mpango wa sufuria mbili, cha baba kisicho na ladha pembeni na cha wengine kitamu katikati. Mtu mzima aliyetengewa chakula cha mgonjwa mbele ya watoto wake atavumilia wiki moja, kisha atakula kwa jirani. Badilisheni chungu chenyewe. Muhogo mkavu ukisagwa unga wake ni wanga karibu mtupu, hivyo uchanganyeni na ulezi au mtama, na mahindi yasagwe dona. Ulezi una nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari kuingia kwenye damu, na gramu 100 zake zina takriban miligramu 344 za kalisi. Hata hivyo ugali wa ulezi nao ni ugali. Tonge zote za mlo mmoja zikikusanywa, zisizidi sana ngumi ya mlaji. Nafasi iliyobaki ijazwe mboga: mgagani uliochemshwa ukatiwa maziwa kama bibi zetu walivyoupika, msusa, kunde, mchicha. Simwambii mtu wa Tarime aache nyama wala kichuri chake. Namwambia mafuta yakatwe kabla nyama haijawekwa motoni, na kile kichuguu cha chumvi kinachomwagwa pembeni ya sinia kiondoke. Chumvi yote ya siku nzima, pamoja na iliyopikiwa, isizidi kijiko kimoja cha chai. Soda ya mililita 350 ina gramu kama 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai karibu tisa.

Nikisema hivi mbele ya akina mama, mmoja huniuliza swali ambalo halimo kwenye vitabu vyangu: "Mwanangu, nikimpakulia kidogo, mama yake akiona atasemaje?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu sahani ni heshima. Ugali mdogo mbele ya mume, hasa kukiwa na wageni, husomwa kama ubahili au hasira. Mke hawezi kuibeba aibu hiyo peke yake. Mume ndiye wa kusema kwa mdomo wake, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwamba yeye ndiye aliyeomba apunguziwe. Sentensi moja ya mume hapo ni msaada mkubwa kuliko mwezi mzima wa mke kupima unga.

Kuna kaya ambazo jambo hili ni gumu zaidi. Mwenye wake wawili hula jioni mara mbili. Anakula kwa mke mkubwa, kisha anavuka ua hadi kwa mdogo, ambako sahani nyingine imefunikwa inamngoja, na kuikataa ni kuonyesha upendeleo. Nimewahi kumhoji mzee aliyeapa kwamba anakula kidogo sana, na kwa kila nyumba alikuwa anasema kweli. Sukari yake ilianza kushuka siku wake zake walipokuja wote wawili wakaketi kwenye benchi moja. Walikubaliana wenyewe, mbele yangu, kwamba nyumba moja itatoa ugali na nyingine itatoa mboga na mtindi, na wakigeuza zamu ya ugali wanageuza na ya mboga. Mzee alikuwa kimya muda wote. Mimi pia nilinyamaza, maana sikuwa na la kuongeza. Hali kadhalika nyumba ntobhu, ambamo mama mtu mzima ameoa mke. Mara nyingi mwenye maradhi ni yule mama na mpishi ni yule binti, na binti haoni vizuri kumnyima mkubwa wake chakula. Tukimwita binti peke yake tutakosea. Waje wote.

Mazoezi nayo yana mahali pake. Vitabu husema mtu akimbie alfajiri. Mtu wa Robanda au kijiji kingine kinachopakana na hifadhi ya Serengeti huwezi kumwambia atoke saa kumi na moja, wakati tembo wengine bado hawajaondoka mashambani. Asubuhi jua likiwa limechomoza, au jioni kabla halijazama, tena wawili, na katika njia yenye watu. Kutembea dakika kumi na tano baada ya kula kunafaa sana, kwa sababu misuli inaichukua sukari wakati ule ule inapoingia kwenye damu. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mke anayeona haya kutembea bila kazi machoni pa majirani, mumewe akiandamana naye maneno hupungua.

Waume, kuna kosa moja naliona kila mara. Mke akiambiwa afanye mazoezi, mume hujibu kwamba analima na kuchota maji, mazoezi gani tena? Kwa mke wa shamba huenda ni kweli, na anachohitaji ni kupumzika, kula kabla wengine hawajamaliza, na mtu wa kumshika mkono kwenye ndoo. Kwa mke anayeshinda kwenye kibanda cha M-Pesa au kwenye cherehani si kweli. Huyu anahitaji nusu saa yake kila siku, na nusu saa hiyo haipatikani mume asipowasha moto na kuwaogesha watoto. Fedha nazo ziko mkononi mwa nani? Anayerudi na soda nne na mkate badala ya parachichi na maharage ameshapanga chakula cha jioni kabla mke hajashika sufuria.

Kama mwenzi wako anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, msipunguze chakula kwa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu dozi huenda ikabidi ipunguzwe. Sukari ikishuka mno mtu hutoka jasho, hutetemeka, huwa mkali au huanza kuzungumza ovyo, na wengine hudhani amelewa. Akiwa anaweza kumeza, mpe haraka maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Asipoweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Na kila usiku, kwa taa au tochi ya simu, angalia nyayo zake na katikati ya vidole. Kisukari huua hisia za miguu, mtu akatembea na mwiba ndani ya katambuga siku tatu bila kujua. Macho yako ndiyo yatakayouona.

Mwili ukianza kupungua, maneno yataanza. "Mura, mbona umekonda? Nyumbani hupewi chakula?" Wapo watakaonong'ona kuhusu ukimwi. Wengi hurudia sahani ya zamani kwa ajili ya neno hili, wala si kwa njaa. Mkubaliane mapema jibu mtakalotoa wote wawili, lile lile, bila kujificha: tumeambiwa na daktari, tunapunguza pamoja.

Kipimo chenu hakihitaji mzani. Chukueni kamba, mpimane urefu kutoka utosini hadi kisiginoni, muikunje katikati, kisha kila mmoja azungushe yake kiunoni usawa wa kitovu. Kamba isipofika, kitambi kimezidi. Askari mstaafu mmoja na mkewe walifunga fundo katikati ya kila kamba siku ya kwanza, wakazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Walipokuja mara ya mwisho walikuwa nazo kwenye mfuko wa nailoni. Ya mama ilikuwa inafika. Ya baba ilikuwa imebakiza vidole viwili.