Pumziko Lililodhoofisha: Mazoezi katika Ugonjwa wa Maltipo Sklerosisi

Katika historia ya utabibu yamo mashauri mengi yaliyotolewa kwa nia njema, yakafuatwa kwa miaka mingi, kisha yakathibitika kuwa na madhara. Mojawapo ni lile la kuwakataza mazoezi watu wenye ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, yaani ugonjwa wa makovu mengi ya mishipa ya fahamu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wagonjwa hao waliambiwa wapumzike, wasijichoshe, na wajiepushe na joto. Makala haya yanaeleza jinsi shauri hilo lilivyozuka, jinsi lilivyopimwa, na jinsi tiba ya utengemao, yaani kazi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuendesha maisha yake, inavyofanyika hivi leo.

Ugonjwa wenyewe

Aliyeutofautisha ugonjwa huu waziwazi na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu ni daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Katika ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliokufa kulikuwa na mabaka magumu yaliyotapakaa huku na huko. Mabaka hayo ndiyo asili ya jina la ugonjwa.

Msomaji atakumbuka kuwa nyuzi nyingi za mishipa ya fahamu zimevikwa ala yenye mafuta iitwayo mayelini. Ala hii haikuufunika uzi mfululizo, bali imegawanyika vipande vipande, na taarifa ya umeme huruka kutoka pengo moja hadi jingine. Kwa njia hiyo taarifa katika nyuzi nene huweza kusafiri zaidi ya mita 50 kwa sekunde, ilhali katika nyuzi nyembamba zisizo na ala mwendo wake ni kama mita 1 tu kwa sekunde. Katika maltipo sklerosisi, chembe za kinga ya mwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huishambulia ala hiyo. Palipochubuka, taarifa huchelewa au hukatika, na baadhi ya nyuzi hufa kabisa.

Dalili hutegemea mahali palipoumia. Mmoja huona ukungu kwa jicho moja, mwingine hulemewa na mguu, mwingine hushindwa kuzuia mkojo, na walio wengi husumbuliwa na uchovu usiolingana na kazi waliyofanya. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Kwa hiyo humkuta mtu wakati ule ule anapoanza kazi na kulea watoto, na kwa kuwa hauui upesi, ataishi nao kwa miongo kadhaa. Swali la jinsi ya kuishi nao ni zito sawa na swali la dawa.

Uchunguzi sahihi, hitimisho lenye kasoro

Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuwa baadhi ya wagonjwa hawa hupungukiwa na uwezo wa kuona baada ya kufanya kazi ya nguvu, na kwamba uwezo huo hurudi wakiisha kupumzika. Baadaye ilifahamika kuwa kinacholeta hali hiyo hasa ni joto la mwili. Uzi uliochubuka hupitisha taarifa kwa shida hata mwili ukiwa katika hali ya kawaida. Joto likipanda, hata kwa nusu ya digrii moja ya Selsiasi, milango midogo inayoingiza chembe za sodiamu katika uzi hufunguka kwa muda mfupi mno, na taarifa hukwama njiani. Madaktari waliitumia hali hiyo kuutambua ugonjwa: kabla ya mashine za MRI kuenea katika miaka ya 1980, mgonjwa aliweza kutiwa katika maji ya moto ili dalili zilizojificha zijitokeze.

Kutokana na ukweli huo ilijengwa hoja ya hatua tatu. Mazoezi huongeza joto la mwili. Joto huzidisha dalili. Kwa hiyo mazoezi huzidisha ugonjwa. Hatua mbili za kwanza ni sahihi. Ya tatu haitokani nazo, kwa sababu kuzidi kwa dalili si kuzidi kwa ugonjwa. Mwili ukipoa, taarifa hupita tena kama ilivyokuwa, wala hakuna ala iliyochubuka zaidi.

Lakini pumziko nalo lina gharama yake. Misuli isiyotumika hunywea, mifupa hupoteza uimara, viungo hukaza, na moyo na mapafu hupungukiwa na uwezo. Mgonjwa aliyetii shauri la daktari alizidi kudhoofika mwaka hadi mwaka, na udhaifu wake wote ukahesabiwa kuwa kazi ya ugonjwa. Hakuna aliyeweza kusema ni sehemu gani iliyoletwa na makovu na ni sehemu gani iliyoletwa na kiti.

Jaribio la Utah

Njia ya kuzitenganisha sababu hizo mbili ni jaribio. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na Jack Petajan, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 54. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika vikundi viwili. Kikundi kimoja kilifanya mazoezi ya kuendesha kwa mikono na miguu baiskeli isiyokwenda, mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa muda wa wiki 15. Kikundi cha pili kiliendelea na maisha yake ya kawaida.

Waliofanya mazoezi waliongeza uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni, wakapata nguvu zaidi za mikono na miguu, na huzuni yao ikapungua. Kipimo cha jumla cha ulemavu unaotokana na ugonjwa hakikubadilika. Kwa mtazamo wa haraka jambo hilo laonekana kuwa kushindwa, kumbe ndilo jibu lililotafutwa. Makovu yalibaki palepale, na nguvu ziliongezeka. Basi sehemu ya udhaifu ule haikuwa ya makovu. Majaribio mengi yaliyofuata hayakuonyesha kuwa mazoezi huongeza mashambulio ya ugonjwa.

Kazi ya utengemao

Utengemao huanza kwa kumwuliza mgonjwa anataka kufanya nini: kupanda ngazi za ofisini, kupika, kuandika ubaoni, au kwenda sokoni na kurudi. Baada ya hapo wataalamu mbalimbali hushirikiana. Mtaalamu wa tiba ya viungo hupanga mazoezi ya nguvu, ya mizani ya mwili, na ya kunyoosha misuli iliyokakamaa. Ikiwa unyayo huburuta, hutengenezewa kifaa cha kuushikilia. Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu, ili mguu dhaifu unapokanyaga, uzito ugawanywe kati yake na mkongojo.

Joto halidharauliwi, bali hupangiwa. Mazoezi hufanywa asubuhi au mahali penye upepo, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko, na mgonjwa huweza kuoga maji baridi kabla ya kuanza. Uchovu nao hupangiwa: kazi nzito huwekwa katika saa za nguvu, na kazi ya jikoni hufanywa kwa kuketi. Wapo pia wataalamu wa matamshi na umezaji, na wa kufundisha misuli inayozuia mkojo.

Mgonjwa hufundishwa pia kutofautisha hali mbili. Dalili iliyoletwa na joto huondoka mwili ukipoa. Dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 huenda ikawa shambulio, na hiyo yahitaji daktari.

Utengemao hauna uwezo wa kuzuia mashambulio. Kazi hiyo ni ya dawa, ambazo zilianza kupatikana mwaka 1993. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa za lazima. Hata hivyo dawa hizo hazirudishi msuli ulionywea. Msuli hurudishwa na kazi, na ujuzi wa kazi hiyo ni ule ule unaowafaa waliopooza kwa kiharusi na walioumia uti wa mgongo, ambao wako katika kila nchi.

Kwa walimu na wanafunzi, habari hii ni mfano mzuri wa kutumia darasani. Uhthoff hakukosea katika aliyoyaona. Kosa lilitokea pale waliofuata walipolichukua jambo linalopita kuwa ni jambo la kudumu, wakaliacha bila kulipima. Gharama ya kosa hilo haikulipwa na waliotoa shauri. Ililipwa na watu wazima ambao wangeweza kutembea miaka mingi zaidi, nao wakaketi kwa utiifu.